Uongozi Hotelini Huonekana Kwanza Kwenye Ratiba ya Zamu

Mfanyakazi wa hoteli jijini Nairobi humwona meneja mkuu kwa nadra. Anayekutana naye kila siku ni msimamizi wa zamu: ndiye anayempangia meza, anayemruhusu kumpeleka mtoto hospitalini, anayeamua nani aingie kazini Jumapili. Kwa hiyo nikiulizwa ni mtindo gani wa uongozi unaowaridhisha wafanyakazi, mimi hutazama kwanza ratiba iliyobandikwa ukutani.

Chukua mhudumu anayeishi Kayole au Rongai, mbali na katikati ya jiji. Anahudumia kiamsha kinywa, anaambiwa apumzike mchana, kisha arudi jioni kwa bafe. Kwenda nyumbani na kurudi ni nauli mara mbili, basi anabaki mjini saa hizo zote akingoja. Ratiba kama hiyo ikitangazwa usiku wa kuamkia siku yenyewe, kinyongo hakikosi, hata mshahara ukiwa mzuri. Ikitangazwa wiki moja kabla, na wahudumu wakaruhusiwa kubadilishana zamu mradi msimamizi ajue, saa za kazi ni zilezile ila mtu anaweza kupanga maisha yake.

Mwaka 1939, nchini Marekani, Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha utafiti kuhusu vikundi vya wavulana vilivyoongozwa kwa njia tatu: kwa amri, kwa kushirikishwa, na kwa kuachiwa wafanye watakavyo. Waliotawaliwa kwa amri walijituma kiongozi alipokuwa chumbani. Alipotoka, kazi ililegea. Walioshirikishwa waliendelea. Wale walikuwa watoto, wala hawakuwa kazini, lakini kila mwenye hoteli angefaa kuutafakari utafiti huo, kwa sababu kazi nyingi za hoteli hufanyika bila msimamizi kuziona. Anayetandika kitanda ghorofa ya tano yuko peke yake. Aliye mapokezi saa tisa usiku, vivyo hivyo.

Sisemi amri haina mahali pake. Wajumbe mia mbili wa kongamano wakiingia kula kwa mkupuo, mpishi mkuu hana muda wa kuitisha kikao. Anaagiza, jiko linaitika, na wapishi wenyewe hawaoni ubaya. Kinachowaumiza ni ukali huo kuendelea baada ya sahani ya mwisho kutoka, au mtu kukaripiwa mbele ya wenzake. Mhudumu aliyetukanwa jikoni anatakiwa atokeze ukumbini akitabasamu papo hapo, na kujikaza huko kunachosha kuliko kubeba trei. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliieleza kazi hiyo ya kudhibiti hisia katika kitabu chake cha 1983, akiwachunguza wahudumu wa ndege.

Mpole anayeacha mambo yajiendee naye si nafuu. Chini yake bakshishi hugawanywa na wenye nguvu, na mgeni akilalamika, lawama humwangukia mfanyakazi mpya.

Kuna pia yasiyotegemea hulka ya msimamizi hata kidogo. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi yenye malipo kamili. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, mfanyakazi huyo akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Msimamizi anayeitoa siku ya mapumziko kama hisani anawafundisha watu kumwogopa.

Wengi wa wasimamizi hawa walikuwa wahudumu hodari waliopandishwa cheo ghafla. Walijua kuhudumia meza. Kuongoza watu hawakufundishwa. Ushauri wangu kwa wenye hoteli: kabla ya kumkabidhi mtu zamu, mweke kwanza kando ya msimamizi mzoefu, aandae ratiba pamoja naye, na ahudhurie angalau kikao kimoja cha kusikiliza malalamiko.