Je, wajua kwa nini roboti yenye sura ya mtu hututia wasiwasi?

Roboti ya kiwandani, ile iliyo mkono mmoja wa chuma uliofungwa sakafuni ukichomelea magari, haimkoseshi mtu usingizi. Ikivalishwa ngozi ya silikoni, ikapandikizwa nywele na kope, kisha ikafundishwa kutabasamu na kumkazia mtu macho, watu wengi husisimka mwili hata kabla hawajatambua kinachowasumbua ni nini. Kufanana nasi, ambako kulitarajiwa kuleta mazoea, ndiko kunakoleta mashaka.

Aliyelieleza jambo hili kwa namna ambayo watafiti wanaitumia hadi leo ni Masahiro Mori, profesa wa uhandisi nchini Japani, katika makala fupi aliyoichapisha mwaka 1970. Alisema kwamba kadiri mashine inavyozidi kufanana na binadamu ndivyo tunavyozidi kuipenda, mpaka inapokaribia sana kufanana naye. Hapo mapenzi huporomoka ghafla, na hayapandi tena ila mfanano ukikamilika. Poromoko hilo aliliita bonde. Mfano alioutoa ni mkono bandia: kwa macho una kucha, mishipa na hata alama za vidole, lakini anayeupokea katika salamu hukuta ni wa baridi na umelegea kana kwamba hauna mfupa, na papo hapo kitu kilichoonekana cha kawaida kinageuka kuwa cha kutisha. Mwendo, alisema, huzidisha hali hiyo. Katika mchoro wake, kwa vitu visivyosogea alichokiweka chini ya bonde ni maiti. Kwa vile vinavyosogea, chini zaidi, ni maiti inayotembea.

Sababu mojawapo imo katika namna ubongo unavyofanya kazi, kwani haungoji kuona bali hubashiri kitakachofuata. Mwaka 2011 watafiti walioongozwa na Ayse Pinar Saygin wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakitazama video za mwanamke, za roboti iliyotengenezwa kwa sura ya mwanamke huyo, na za roboti ileile ikiwa imevuliwa ngozi na kubaki vyuma vitupu. Mtu mwenye mwendo wa mtu hakuushtua ubongo, wala chuma chenye mwendo wa chuma hakikuushtua. Kilichouhangaisha ni sura ya mtu iliyokwenda kwa mwendo wa mashine. Wala tusidhani kwamba hofu hii imepandwa na filamu au simulizi, maana mwaka 2009 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Princeton waligundua kwamba hata kima hutazama kwa muda mfupi zaidi nyuso za kima zilizochorwa na kompyuta zikakaribia uhalisia, kuliko wanavyotazama nyuso halisi au michoro isiyofanana sana nao.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, mwendo na ngozi ni nusu tu ya jambo lenyewe. Mwaka 2012 wanasaikolojia Kurt Gray na Daniel Wegner walionyesha kwamba kompyuta isiyo na uso wowote huwatia watu wasiwasi pale wanapoelezwa kwamba inaweza kuhisi, lakini si pale wanapoelezwa kwamba inaweza kupanga na kutenda. Tunakubali mashine ifikiri. Tunashtuka ikisemekana inaumia au inaogopa. Swali linalotusumbua, basi, ni kama mle ndani yumo mtu.

Swali hilohilo ndilo linalofanya wazo la kuhifadhi fahamu za binadamu ndani ya mashine kuwa zito kuliko roboti yoyote. Mwaka 2010 ilizinduliwa BINA48, roboti ya kichwa na mabega iliyotengenezwa kwa sura ya Bina Rothblatt, mwanamke wa Marekani, ambayo hujibu maswali kwa kutumia kumbukumbu na maoni ya mwenyewe yaliyorekodiwa katika mahojiano marefu. Hiyo ni kazi ya kuvutia, lakini maneno ya mtu yaliyokusanywa si fahamu zake, kama vile barua zake zisivyokuwa yeye.

Wanaotaka kwenda mbali zaidi hutumaini kunakili ubongo wenyewe, ambao una takriban seli za neva bilioni 86. Ramani ya mfumo wa neva wa mnyoo mdogo mwenye seli 302 ilichapishwa mwaka 1986, na bado hakuna programu ya kompyuta inayoigiza kikamilifu maisha ya mnyoo huyo, kwa kuwa ramani huonyesha seli gani imeungana na ipi, lakini haionyeshi nguvu ya kila kiungo wala kemikali zinazobadilisha utendaji wake kila wakati. Mwaka 2024 ilichapishwa ramani ya kipande cha ubongo wa binadamu chenye ukubwa wa milimita moja ya ujazo tu: kilikuwa na seli zipatazo 57,000 na viungo vya neva takriban milioni 150, na picha zake zilijaza terabaiti 1,400.

Tuseme kazi hiyo ikamalizika siku moja. Nakala itaamka na kusema, "Ni mimi," na itakuwa na kumbukumbu zote za kuthibitisha. Lakini ikiwa ilitengenezwa mwenyewe akiwa bado hai, watakuwapo wawili wanaodai jina moja, na yule wa nyama na damu hatakuwa ameponea kifo hata kidogo. Hakuna kipimo kinachokubaliwa na wote cha kuthibitisha kwamba kitu kina fahamu. Tunaamua kwa uso na kwa maneno, ambavyo ndivyo hasa fundi anavyoweza kuviigiza. Ndiyo maana siwezi kuwalaumu wanaosita, wala kuuita wasiwasi wao ujinga.

Tena kuna hatari isiyongoja sayansi hiyo ikamilike. Programu za kuigiza sauti na mazungumzo ya marehemu zipo tayari, na aliyefiwa, katika uchungu wake, ni rahisi kuamini kwamba amemrudishia mpendwa wake uhai. Marehemu hawezi kukataa maneno anayotamkishwa, kwa hiyo ridhaa yake ingepaswa kuombwa angali hai, kwa maandishi, ikitaja nani ataruhusiwa kuizungumzisha mashine hiyo na nani atakuwa na haki ya kuizima.