Chembe za sumaku zilizovikwa dhahabu: maswali na majibu

Chembe hizi ni nini hasa?

Ni punje za oksidi ya chuma, yaani madini yenye usumaku, zilizofunikwa kwa utando mwembamba wa dhahabu, zinazotafitiwa kwa ajili ya kupiga picha za ndani ya mwili na kutibu saratani. Upana wake kwa kawaida ni kati ya nanomita 10 na 100, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Dhahabu iliyosagika kiasi hicho haibaki na rangi ya pete ya arusi, bali mara nyingi huwa nyekundu. Ukipimwa malaria kwa kipimo cha haraka katika zahanati ya Kayole au Kibera, ule mstari mwekundu unaojitokeza kwa kawaida ni chembe za dhahabu zilizojikusanya, ingawa hizo hazina chuma ndani.

Kwa nini chuma kivikwe dhahabu?

Chuma ndicho kinachosaidia katika picha za MRI (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku), kwa kuwa huvuruga uga wa sumaku ulio jirani na kuifanya sehemu chembe zilipoingia ionekane nyeusi. Katika ini, kwa mfano, seli zenye afya humeza chembe za oksidi ya chuma na kuwa nyeusi, ilhali uvimbe wa saratani, ambao kwa kawaida hauzimezi, hubaki mweupe. Dhahabu, kwa upande wake, haishiki kutu, huzuia eksirei kuliko tishu za mwili na hivyo huonekana katika picha za CT (eksirei zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka), tena molekuli zenye salfa hung'ang'ania juu yake, jambo linalowawezesha watafiti kupachika kingamwili (protini za kinga ya mwili) za kutambua seli za saratani. Faida hiyo ina bei yake: utando ukizidi unene, usumaku wa kila gramu hupungua.

Zinatibuje?

Kwa joto. Uga wa sumaku unaobadilika-badilika kwa kasi huipasha moto oksidi ya chuma, na mwanga wa leza wa infraredi, usioonekana kwa macho, huipasha dhahabu. Mwanga huo haufiki mbali mwilini, sumaku hufika. Mwaka wa 2010, chembe za oksidi ya chuma zisizo na dhahabu ziliidhinishwa Ulaya kwa kutibu uvimbe wa ubongo kwa joto la sumaku.

Ninamuuguza mama mwenye saratani ya titi, na jirani ameniambia tiba hii inapatikana Nairobi. Ni kweli?

La. Mashine za MRI zipo, lakini dawa inayodungwa ili picha ionekane vizuri kwa kawaida ni ya gadolini, metali nyingine. Chembe zilizovikwa dhahabu bado ziko katika utafiti. Anayekuuzia akuonyeshe kwanza usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu, inayodhibiti dawa nchini Kenya, na mama asiache matibabu aliyoanzishiwa na daktari wake.

Je, zina madhara?

Nyingi huishia kwenye ini na wengu. Chuma si tatizo kubwa, kwani mwili hukivunja na kukitumia kutengeneza damu. Marekani iliidhinisha dawa ya chembe za oksidi ya chuma kwa upungufu wa damu mwaka wa 2009. Dhahabu ndiyo yenye utata: mwili hauivunji kwa urahisi, nayo inaweza kukaa humo miezi mingi, kwa hiyo watafiti hawana haraka ya kuwadunga wagonjwa.