Je, wajua tausi wa Kongo aligunduliwa juu ya kabati?

Uliza Bukavu jinsi tausi wa Kongo alivyojulikana na wanasayansi, jibu mara nyingi ni lile lile: muzungu aliingia msituni na bunduki, akampiga, akamwandika kitabuni. Wapo wanaomjua hata kwa jina, James Chapin, kwa kuwa miaka ya 1950 alifanya kazi IRSAC, kituo cha utafiti wa kisayansi pale Lwiro, kinachoitwa leo CRSN. Jina ni sahihi. Habari yenyewe imewekwa kichwa chini miguu juu.

Chapin alizaliwa New York mwaka 1889. Alikuja Kongo 1909, kijana wa miaka 19, pamoja na Herbert Lang, wametumwa na American Museum of Natural History, wakazunguka misitu ya kaskazini-mashariki kwa miaka kadhaa. Bunduki walikuwa nayo, na ndege walikusanya kwa maelfu. Tausi hata mmoja hakumo. Alichokutana nacho mwaka 1913, kule Avakubi katika Ituri, ni unyoya mmoja uliochomekwa kwenye kofia ya mwenyeji. Ulikuwa unyoya wa bawa, rangi ya kutu, wenye mistari myeusi. Akaulinganisha na ndege aliowajua, haukumfaa yeyote. Mwingine angeutupa. Yeye aliuweka.

Mwaka 1936 alikuwa Tervuren, Ubelgiji, kwenye jumba la makumbusho ya Kongo. Juu ya kabati akaona ndege wawili waliokaushwa, dume na jike, wenye lebo iliyosema ni tausi wa India, bado wachanga, walioletwa kutoka nje. Unyoya wa Avakubi ulilingana na wa bawa la yule jike.

Hapo ndipo mambo yanaponoga. Ndege wazima wawili wanapoteaje katika nyumba iliyojaa wataalamu?

Fikiria mzigo unaopakiwa kwenye boti Goma kuja Bukavu. Karatasi ikidondoka, mzigo unabaki bandarini bila mwenyewe, na mradi hauna mwenyewe kila anayepita atauuliza: wa nani huu? Lakini karatasi ikiwa na jina la mtu mwingine, mambo yamekwisha. Hakuna atakayeuliza, maana jibu tayari limeandikwa. Hao wa Tervuren walikuwa mzigo wenye jina lisilo lao. Unyoya ulikuwa kinyume chake: mahali ulikotoka na mwaka vilijulikana, ndege wake ndiye hakujulikana, kwa hiyo ulibaki swali kwa miaka 23. Katika makusanyo ya ndege, kikaratasi kile kinachofungwa mguuni, chenye mahali, tarehe na jina la aliyekusanya, kina uzito kuliko ngozi yenyewe. Ngozi bila karatasi ni pambo la ukutani.

Huenda aliyeandika lebo ile hakuwa mzembe hata kidogo. Tausi wote waliojulikana wakati huo walikuwa wa Asia, na tausi wa India alifugwa kwenye bustani za matajiri sehemu nyingi za dunia. Tausi wa Afrika alikuwa dhana ya ajabu kuliko kosa la lebo.

Mwaka huo huo wa 1936 Chapin akamtangaza kwa jina *Afropavo congensis*, na 1937 akarudi Kongo, ambako ndege wengine wa aina hiyo walipatikana. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha baadaye kwamba jamaa zake wa karibu kweli ni tausi wa Asia, kwa hiyo lebo ile, pamoja na makosa yake yote, ilikosea nchi na umri lakini ukoo ilikaribia kuupata.

Kusema “aligundua” pia kunahitaji tahadhari. Mwenye kofia kule Avakubi hakuuokota unyoya mbinguni. Watu wa msitu walikuwa wakimjua ndege huyu zamani. Kilichokuwa cha Chapin ni uvumilivu wa karani. Vitabu vyake vinne juu ya ndege wa Kongo vilitoka kati ya 1932 na 1954, na madaftari yake ya safari yamehifadhiwa New York.

Tausi mwenyewe porini anaishi Kongo tu: katika hifadhi kama Salonga, Maiko, na upande wa chini wa Kahuzi-Biega. Anayepanda Tshivanga, upande wa juu wa Kahuzi-Biega, kuona gorila asipoteze muda kumtafuta. Kule ni mlimani, na huyu ni ndege wa msitu wa bondeni.