Headstrong haiko sifa, tafazali muitoe mu CV

Kila ONG (shirika ya misaada) ikitoa tangazo ya kazi hapa Goma, vijana bananiletea barua ya Kingereza niangalie, na karibu kila mara nakutana na ileile sentensi: I am a headstrong person. Imenichokesha kweli, juu batu bazuri banajiharibia bo wenyewe.

Banaona head, banaona strong, banaunganisha, banafikiri ni mutu wa akili ao mwenye haogope magumu. Hapana. Headstrong ni mutu anafanya tu ile roho yake inataka hata bote bamemukataza, shauri hasikie. Na sisi tunaijua muzuri hii, mama akisema mutoto wake iko na kichwa nguvu, kuko mutu anafikiri anamusifu? Njo ileile. Sasa chef wa proje mwenye atakutuma Masisi ao Rutshuru, kwenye kufuata masharti ya usalama ni lazima, unamwambia mbele ya yote kama hautamusikia!

Andika determined, inatosha, haina ubaya. Na muisome ditamind, hii ditamaind ya kila siku muiache. Lakini mimi ningependa mutoe hata hiyo adjective na muweke kitu mulifanya: mwezi wa tano 2021 volkano Nyiragongo ililipuka, tukaambiwa tuhame muji, kama wewe ulirudia ukamaliza masomo, andika vile vile, msomaji ataona nia yako mwenyewe.

Strong-willed iko katikati. Kwa mutu mukubwa mara mingi ni sifa, lakini mwalimu Mwingereza akiiandika mu ripoti ya mutoto wako, ujue pengine anakuambia kwa upole kama mutoto ni mugumu kuongoza.

Wilful (Bamarekani banaongeza l: willful) ni ubishi ao kukosea kwa makusudi, mu sheria wilful damage ni kuharibu kitu ukijua. Musiiguse.

Willing ni kukubali tu. I am willing to travel ni sentensi nzuri, ila haiseme kama uko na nia kali.

Na voluntary, hii inatoka mu Kifaransa chetu. Kwa Kifaransa mutu volontaire anaweza kuwa mwenye nia, kwa Kingereza voluntary ni kazi ya kujitolea ao kitendo haukulazimishwa, haielezake tabia ya mutu. I am voluntary, mufute.