Anacheza, lakini amezidishiwa dawa: maswali ya walezi wa Lamu

Mtoto mmoja, siku moja, wanyweshaji watatu. Asubuhi mama kabla ya kwenda kazini, adhuhuri mwalimu wa chekechea, alasiri bibi, mtoto akitoka chuoni (madrasa). Wote wanampenda, na hakuna aliyemuuliza mwenziwe. Mimi ni muuguzi katika zahanati hapa Lamu, na maswali haya naulizwa dirishani karibu kila siku.

Paracetamol ni dawa ya nini?

Hushusha homa na kutuliza maumivu. Wengi huiita panadoli hata kama chupa ina jina jingine. Haitibu malaria wala nimonia. Ikipimwa sawasawa ni salama. Ikizidi, huumiza ini.

Nimpe mtoto kiasi gani?

Tunapima kwa uzani wake. Ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kisha zipite saa 4 hadi 6 kabla ya kumpa tena, na isizidi mara 4 usiku na mchana. Mtoto wa kilo 10 anahitaji miligramu 100 hadi 150. Dawa ya maji iliyoandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, basi mililita 5 zinamtosha.

Sasa kuna anayevunja kidonge cha mtu mzima cha miligramu 500. "Nusu tu, sista." Hiyo nusu ni miligramu 250, na mtoto ni yule yule wa kilo 10. Hesabu mwenyewe.

Soma pia chupa ya dawa ya mafua. Nyingi zina paracetamol ndani yake, kwa hiyo anayempa mtoto panadoli na dawa ya mafua pamoja huenda amempa dawa moja mara mbili.

Kijiko cha chai si ndiyo mililita 5?

Kijiko kipi? Vijiko vya nyumba moja havilingani, sembuse vya mtaa mzima. Tumia kikombe kidogo kilichokuja na chupa, au bomba la kupimia lisilo na sindano. Uliza duka la dawa. Na kikombe cha chupa hii kisipimie dawa ya chupa ile. Matone ya watoto wachanga mara nyingi huwa makali kuliko dawa ya maji ya kawaida, tone kwa tone.

Tumegundua bibi naye alimpa, tena si kidogo. Lakini mtoto anacheza. Tumwangalie mpaka kesho?

Hapana. Mleteni sasa.

Hajatapika, hana homa, amekula wali wake wote.

Mleteni sasa. Paracetamol iliyozidi haipigi kelele siku ya kwanza. Mtoto anaweza kucheza, kula na kulala vizuri huku ini linaumia. Macho yakishaingia manjano, au akianza kutapika na kulegea siku ya pili au ya tatu, tumeshapoteza muda. Iko dawa ya kuzuia madhara hayo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa kabla ya saa 8 kupita tangu alipomeza. Nimewasikia wazazi wengi mno wakisema "alikuwa mzima kabisa jana". Najua alionekana mzima. Ndiyo maana nataka nimwone akiwa bado anacheza.

Pengine tutapiga hesabu tuone hakuzidishiwa kiasi cha kumdhuru, mrudi nyumbani mkicheka. Sitakasirika kwa safari hiyo. Hukasirishwa na ile ya siku ya tatu.

Tumpe maziwa, au tumtapishe?

Wala maziwa, wala mafuta, wala kidole kooni. Njooni na chupa yenyewe hata ikiwa tupu, na mtueleze alikunywa kiasi gani na saa ngapi.

Sisi tuko Kipungani, na maji yamekupwa. Si bora tungoje boti ya asubuhi?

Najua bahari yetu. Lakini saa zinahesabiwa tangu alipomeza, maji yajae yasijae. Pigeni simu kwa mhudumu wa afya wa kijiji au kituo kilicho karibu papo hapo, atafute njia pamoja nanyi. Kungoja asubuhi kwa sababu anacheza, hapana. Nimeshasema, na nitasema tena.

Dawa ya kuua bakteria iliyobaki ya kaka yake, nimpe mdogo?

Imwageni. Kilo zake si za kaka yake, wala ugonjwa pengine si ule, na dawa ya unga iliyokwisha kuchanganywa na maji haikai muda mrefu, hasa kwa joto letu.

Pakiti imeandikwa "kila baada ya saa 8". Nami nampa saa nane mchana, nimekosea?

Umekosea, lakini kosa ni letu tunaoandika bila kueleza. Maana yake zipite saa 8 kati ya kipimo na kipimo: kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. "Kutwa mara tatu" nayo si mara tatu kabla ya adhuhuri.

Homa inashuka nikimpa, kisha inarudi. Niendelee?

Homa inayorudi inataka kipimo cha malaria, haitaki chupa ya pili. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyezubaa, anayehema haraka au kifua chake kubonyea: usimpe chochote cha kungojea, mlete. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa, mlete hata kama hana dalili nyingine.

Mimi ni mwalimu. Mzazi ameniachia chupa, nifanyeje?

Usiipokee bila jina la mtoto, kiasi, na saa aliyompa mara ya mwisho. Funga kikaratasi kwa mpira kwenye chupa; kila anayempa aandike saa na mililita, na chupa izunguke na kikaratasi chake. Usipojua alipewa lini, piga simu kwanza. Bibi asiyezoea herufi za Kizungu na aandike kwa za Kiarabu. Nimeletewa kimoja cha namna hiyo, nikakisoma pale pale, nikajua mama alikuwa ameshampa saa tatu.