Seliaki haiishi mtoto akikua

Bado kuna watu wanasema seliaki, yaani ugonjwa wa utumbo kuumizwa na ngano, ni ugonjwa wa watoto, eti mtoto akikua unaisha wenyewe. Hapana jamani. Imani hii ni ya zamani sana, mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa Marekani aliandika kuhusu kuwatibu watoto kwa ndizi, na kweli walipata nafuu, ila ni kwa sababu mkate uliondolewa, baadae wengine wakaambiwa wamepona wakarudia ngano na utumbo ukaendelea kuumia kimyakimya. Daktari Willem Dicke wa Uholanzi ndo alikuja kuonyesha shida ni ngano. Gluteni, protini iliyo kwenye ngano, inafanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mwembamba, na seliaki inaweza kuanza hata uzeeni. Ukihisi unayo, tafadhali usiache ngano kabla hujapima damu, majibu yanaweza kudanganya.