Mambo tunayomsingizia Mtakatifu Vincent de Paul

Septemba ikikaribia, parokia kadhaa za huku Eastlands, Nairobi, hutundika kitambaa chenye picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe na kofia ndogo nyeusi, amebeba mtoto mchanga. Ni Vincent de Paul. Kanisa humkumbuka tarehe 27, siku aliyofariki jijini Paris mwaka wa 1660. Mimi ni mwanachama wa kikundi kinachotumia jina lake, na kila Jumamosi mchana tunatembelea wagonjwa na wazee wa Huruma na Mathare. Nampenda mtakatifu huyu kweli. Ndiyo maana inaniuma akisimuliwa kama malaika, kwa sababu malaika hana la kumfunza mtu anayepanda ngazi hadi ghorofa ya tano na bunda la unga begani.

Eti alizaliwa na moyo wa huruma

Hii ndiyo dhana inayotudhuru zaidi, nayo nitaikalia kidogo.

Vincent alizaliwa mwaka wa 1581 katika kijiji cha Pouy, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mtoto wa tatu kati ya sita wa familia ya wakulima. Alichunga kondoo, ng'ombe na nguruwe. Babake alipoona kijana ana akili ya masomo, alimpeleka shule mjini Dax. Kwa hesabu ya nyumba kama ile, upadri ulikuwa njia ya kutoka kwenye ufukara: mmoja akipata nafasi nono kanisani, jamaa wote wamepona. Vincent aliikubali hesabu hiyo. Alipadrishwa mwaka wa 1600 akiwa na miaka 19, ilhali sheria ya Kanisa ilitaka miaka 24, kisha akaingia mbioni kutafuta cheo chenye mapato. Mwaka wa 1610 alimwandikia mamake kwamba bado anatumaini kupata cheo kizuri, apumzike mapema, akaishi karibu naye.

Uzeeni alisimulia kisa ambacho hakikumtoka moyoni. Siku moja akiwa mwanafunzi, aliitwa kwamba babake amekuja kumwona. Mzee alikuwa amevaa nguo za shamba, na alikuwa akichechemea. Vincent akakataa kwenda kuongea naye. Aliona aibu.

Yeyote aliyesomeshwa kwa pesa za maziwa au za majani chai, kisha akaja Nairobi, anakijua kisa hiki. Wengine tumekuwa yule kijana. Katekista akikiruka ili mtakatifu abaki safi, anatunyima sehemu inayotuhusu zaidi. Huruma ya Vincent ilikuwa ya kujifunza, tena polepole. Kilichomgeuza ni mambo mawili ya mwaka wa 1617, alipokuwa na miaka 36. Mwezi wa Januari aliitwa kumwungamisha mkulima mmoja aliyekuwa karibu kufa, mtu aliyeheshimiwa kijijini, kumbe alikuwa amebeba dhambi zake miaka mingi bila kuzisema. Vincent alishtuka kuona watu wa mashambani walivyotelekezwa na Kanisa lao wenyewe. Jambo la pili lilitokea Agosti, nami nitalirudia mwishoni.

Eti alikuwa wa ukoo mkubwa, na alivaa minyororo ya mfungwa

Ile "de" kwenye jina lake huwafanya watu wafikiri ni wa ukoo wa mabwana. Mwenyewe alipotia sahihi aliliandika kama neno moja, Depaul, na mbele ya wakubwa alikuwa akijitambulisha kuwa mtoto wa mkulima aliyechunga nguruwe.

Habari ya minyororo ni hivi. Mwaka wa 1619 aliteuliwa padri mkuu wa wafungwa waliosukuma makasia kwenye merikebu za mfalme, akawapigania watendewe kama binadamu. Kwamba alijifunga minyororo ya mmoja wao ili yule aende zake, hakuna ushahidi thabiti.

Eti hakugusa siasa

Tunapenda watakatifu wanaogawa uji na kunyamaza. Januari 1649 Ufaransa ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Paris imezingirwa na jeshi la mfalme, raia wana njaa. Vincent, mzee wa karibu miaka 68 mwenye miguu inayomsumbua, alipanda farasi kwenye baridi kali hadi Saint-Germain-en-Laye, akamwambia Malkia Anne, aliyetawala kwa niaba ya mwanawe mdogo, amwondoe waziri wake mkuu, Kardinali Mazarin, ili watu wapate nafuu. Alitoka mikono mitupu, na ilichukua miezi kabla ya kurudi Paris. Nyuma yake nyumba ya shirika lake, Saint-Lazare, iliporwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kikundi chetu kisiulize kwa nini watu wanabomolewa nyumba bila notisi, kwamba kazi yetu ni unga tu, jina la Vincent asilitumie kuninyamazisha.

Eti ndiye aliyeanzisha chama chetu

Hapana. Vincent alianzisha mapadri wa Shirika la Misheni mwaka wa 1625. Chama cha Mtakatifu Vincent de Paul, hiki cha walei, yaani waumini wasio mapadri wala masista, kilizaliwa Paris mwaka wa 1833, miaka 173 baada ya kifo chake. Walikianzisha wanafunzi wachache wa chuo kikuu wakiwa na mhariri wa gazeti, Emmanuel Bailly. Anayejulikana zaidi kati yao, Frédéric Ozanam, alikuwa ametimiza miaka 20 siku ile ile ya kikao cha kwanza, Aprili 23. Kazi ya kutembelea nyumba hawakuisoma vitabuni. Walifundishwa na Sista Rosalie Rendu, aliyejua kila kichochoro cha mtaa wa Mouffetard na shida za kila mlango. Ozanam alioa, akapata binti, akawa profesa, akafa mwaka wa 1853 akiwa na miaka 40. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mwaka wa 1997. Vijana wa parokia wanaotuambia chama hiki ni cha wazee wangepaswa kulijua hili.

Na yale maneno yanayozunguka kwenye WhatsApp kila Kwaresima kama wosia wa Vincent, kwamba maskini watakusamehe mkate unaowapa kwa sababu ya upendo wako tu, yametoka kwenye filamu ya Ufaransa ya mwaka wa 1947 kuhusu maisha yake. Ni maneno mazuri, lakini hakuyasema yeye.

Eti alifanya yote peke yake

Bila Louise de Marillac, mjane mwenye mtoto wa kiume, sehemu kubwa ya kazi hiyo isingesimama. Mwaka wa 1633 walianzisha pamoja Mabinti wa Upendo. Wakati huo masista walikaa ndani ya kuta za monasteri, lakini hawa walitembea barabarani. Vincent aliwaambia monasteri yao ni nyumba za wagonjwa, na chumba chao ni cha kupanga. Hadi leo huweka nadhiri za mwaka mmoja mmoja, wanazirudia kila mwaka.

Wa kwanza wao, Marguerite Naseau, alikuwa mchunga ng'ombe aliyejifundisha kusoma mwenyewe, akiwasimamisha wapita njia awaulize herufi. Alikufa kwa tauni mwaka ule ule wa 1633, baada ya kumlaza mgonjwa wa tauni kitandani mwake. Jina lake sijawahi kulisikia likitajwa kwenye mahubiri hata mara moja.

Eti utoaji ni wingi wa vitu

Sasa Agosti 1617. Vincent alikuwa paroko wa Châtillon-les-Dombes. Jumapili moja, akivaa kwa ajili ya Misa, aliambiwa kuna nyumba nje ya mji ambako wote wameugua na hakuna wa kumsaidia mwenzake. Akaligusia kwenye mahubiri. Mchana alipokwenda kuwaona, alikuta njia imejaa watu, wengine wanakwenda, wengine wanarudi, kila mmoja amepeleka chakula. Kikawa kingi mno. Alifurahi, kisha akawaza: hiki kitaharibika, na wiki ijayo wale wagonjwa watarudi pale pale.

Hapo ndipo namwona Vincent halisi. Siku chache baadaye aliwakusanya akina mama wa mji, wakakubaliana zamu, kila mmoja siku yake, na kufikia Desemba chama kilikuwa na kanuni zilizoandikwa na kuidhinishwa.

Kuna shosho mmoja tunayemtembelea Huruma. Krismasi moja vikundi vitatu vilimfikia wiki moja, sisi tukiwemo. Mikate ilipangwa juu ya kitanda kwa sababu meza ilikuwa imejaa maziwa ya pakiti, na friji hana. Kabla ya mwaka mpya mikate ilikuwa imeota ukungu. Mwezi wa Februari tulipopita tena, sufuria jikoni ilikuwa na chai ya rangi, na hakuwa amekula tangu jana yake. Tulikaa kimya pale ndani. Sisi ndio tuliokuwa kwenye ile njia ya Châtillon.

Tangu hapo tuna daftari, tuna zamu, na tunaongea na vikundi vingine kabla ya kwenda. Kanuni za Châtillon zinaeleza hadi namna ya kuingia: msalimie mgonjwa kwa uchangamfu, mtengenezee mahali pa kulia, mnawishe mikono, sali, kisha umbembeleze ale. Zinasema pia uanze na wagonjwa wenye mtu wa kuwaangalia, umalize na walio peke yao, ili upate kukaa nao.

Shosho sasa tunamweka wa mwisho. Tunafika kwake saa kumi na moja jioni, mmoja wetu anawasha jiko, mwingine anamwaga maji ya vuguvugu kwenye beseni. Ananawa taratibu, kidole kwa kidole, huku akituuliza habari za watoto wetu kwa majina yao.